Barafu zangu za ukwaju, na chumvi iliyoniokoa

Mwaka wa tatu huu nauza barafu za ukwaju na ubuyu hapa Mbagala, shilingi mia kwa moja. Nikute saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, barafu yangu bado inagonga meno. Walionicheka mwanzoni sasa wananiuliza natia dawa gani. Natia chumvi. Ila si kwenye barafu, tulia kwanza.

Shoga yangu mmoja, mkongwe wa biashara hii, aliniambia: "We mimina sukari, watoto wanafuata utamu." Nikamimina, nusu kilo kwa kila lita. Friza ikanguruma usiku kucha, Luku ikaliwa, asubuhi nashika kifuko, uji! Kumbe sukari ikishayeyuka inayachelewesha maji kuganda. Maji matupu yanaganda kwenye nyuzi sifuri; yale yangu yalitaka karibu nyuzi 3 chini ya hapo ndiyo yaanze tu. Na kila yanapoganda kidogo, sukari inakimbilia kwenye majimaji yaliyobaki, yanazidi kuwa mazito na kugoma. Ndiyo maana mtoto akinyonya kwa nguvu, rangi na utamu vyote vinatoka, anabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Nikashuka hadi robo kilo na ushee kwa lita mbili. Usishuke sana, maana ulimi ukipoa hausikii utamu.

Mwingine akasema nitie juisi ya moto, eti inawahi kuganda. Habari hiyo ina asili yake: Erasto Mpemba aliiona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Magamba, kule Lushoto, maziwa yake ya moto yalipoganda kabla ya yale yaliyopozwa, na wanasayansi mpaka leo wanabishana. Mimi friza yangu ni ya mtumba, mlango umechoka. Juisi ya moto iliyeyusha za jana. Sikurudia.

Lakini shida hasa ilikuwa deli, chombo changu cha kubebea barafu. Natoka nyumbani barafu mawe, nimezizungushia mabonge ya barafu ya maji, nafika getini shuleni zimelegea huku mabonge yenyewe bado mazima! Niliona uchawi. Nikaja kuelewa: bonge la maji likianza kuyeyuka linakaa kwenye sifuri, na barafu yenye sukari haiwezi kukaa ngumu kwenye sifuri. Hata ujaze mabonge mpaka kifuniko kigome.

Basi siku hiyo nikajifanya fundi. Nilishawahi kuona watu wakinyunyizia barafu chumvi ili soda ipoe haraka. Nikavunjavunja mabonge, nikamwaga kilo nzima ya chumvi ndani ya deli, nikapachika barafu zangu katikati. Wee! Baridi lililotoka pale sijawahi kuliona. Deli likaota ukungu mweupe, vidole vikafa ganzi, mteja wa kwanza barafu ilimganda mdomoni akawa anaongea kama ana jino bovu. Nikaanza kutamba. Saa moja na nusu baadaye mabonge yote yamekuwa maji, maana chumvi ilikuwa inayayeyusha, na baridi lile lilitokana na kuyeyuka huko huko. Halafu vifuko nilivyofunga kivivu vikanywa yale maji. Mtoto wa darasa la pili alilamba mara moja, akaniangalia, akatema, akasema, "Mama, hii ya bahari." Getini pote wakasikia. Nilirudisha hela za watu, kama elfu nne hivi, labda tano.

Usiku nikiwaza hasara ndipo likanijia: chumvi iwe kifungoni. Nikachukua chupa tupu za maji za lita moja na nusu, pakiti ya nusu kilo ya chumvi kwa chupa tatu, nikatikisa mpaka ikaisha kuyeyuka, nikafunga, nikazilaza kwenye friza. Ya kwanza niliijaza mpaka shingoni, ikapasuka, kwa sababu maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu moja ya kumi. Acha nafasi ya vidole vinne. Na usijaribu chupa ya kioo.

Maji hayo yanaanza kuganda kwenye nyuzi kama 6 au 7 chini ya sifuri, kwa hiyo yape siku nzima, na umeme ukikatika anza upya. Lakini yakishakuwa mawe, yanayeyukia huko huko chini, na barafu zangu zinabaki ngumu pembeni yake. Chupa nne kwenye deli zinanifikisha alasiri. Jioni narudisha friza chupa zile zile, chumvi sinunui tena.

Kero iliyobaki ni moja. Baba watoto alirudi usiku kachoka, akakuta chupa ya baridi imeshayeyuka mezani, akaigugumia nusu bila kuuliza. Sasa zote nimeziandika CHUMVI kwa kalamu nyekundu, na bado akitaka maji ananusa kwanza.