Samaki Waliopotea Siku ya Nne

Desemba 2021 nilikuwa mgeni katika Advent of Code, mfululizo wa mafumbo ya programu ulioanzishwa na Mmarekani Eric Wastl mwaka 2015, ambao wakati huo ulitoa fumbo jipya kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 25. Fumbo hufunguliwa usiku wa manane kwa saa za mashariki mwa Marekani, ambayo kwetu Dar es Salaam ni saa 2 asubuhi, saa ileile niliyotakiwa kuwa mezani ofisini. Kwa hiyo nililisoma kwenye simu ndani ya daladala iliyokwama foleni, nikashinda nalo kichwani hadi jioni.

Katika kundi letu la WhatsApp tulikuwa wanne, na hakuna aliyelipwa kwa kuandika programu. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu wa fizikia huko Tanga. Msimbo haukutumwa kundini kabla ya saa 3 usiku, ili anayechelewa kutoka kazini asiharibiwe utamu. Kunakili jibu hakukuwa na faida, maana washiriki hawapewi data zinazofanana.

Fumbo la Jumatatu, tarehe 6, lilihusu samaki ambao kila mmoja huzaa baada ya siku 7, isipokuwa mtoto, ambaye husubiri siku 9 kabla ya uzazi wa kwanza. Nilimwandika kila samaki katika orodha, na sehemu ya kwanza, ya kutafuta idadi yao baada ya siku 80, ikaenda vizuri. Sehemu ya pili ilitaka siku 256. Kompyuta yangu iliganda, feni ikavuma kama mashine ya kusaga, na hilo lilistahili, kwani samaki 5 tu wa mfano huzaliana hadi kufikia 26,984,457,539.

Nilimwandikia Mwalimu: “Shikamoo. Samaki wamenishinda.”

“Marahaba. Kwani wewe ukienda kununua dagaa, unawahesabu mmoja mmoja?”

Nilicheka peke yangu. Samaki wote waliobakiza siku sawa kabla ya kuzaa wangeweza kukaa ndoo moja, na ndoo 9, kuanzia 0 hadi 8, zingetosha bahari nzima: kila siku yaliyomo husogezwa ndoo moja chini, waliokuwa katika 0 huhamia 6, na watoto wa idadi hiyohiyo huingia 8. Niliandika mistari isiyozidi kumi, ikakimbia kufumba na kufumbua, ikatoa jibu lisilo sahihi. Saa 3 ilipofika niliutuma msimbo wangu hivyohivyo, kwa aibu, wenzangu wakiwa wameshatuma misimbo yao mizima.

Kwa Mwalimu umeme ulikuwa umekatika. Baada ya kama nusu saa ilikuja picha ya ukurasa wa daftari, uliopigwa mwanga wa tochi: alikuwa ameuendesha msimbo wangu kwa mkono, safu 9, siku baada ya siku, kwa ule mfano wa samaki 5. Siku ya 4 alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Mimi nilikuwa na samaki 8 palipotakiwa 9, na pembeni ameandika, “Mtoto wa siku ya 2 yuko wapi?”

Alikuwa ndoo ya 6. Waliotoka 0 nilikuwa nikiwaweka juu yake badala ya kuwajumlisha naye, hivyo kila mtoto alifutika siku mbili baada ya kuzaliwa. Niliongeza alama moja ya kujumlisha. Nyota ya pili, ambayo hutolewa kwa kutegua sehemu ya pili, niliipata saa 4 kasoro, na Mwalimu, aliyekuwa bado gizani, akaniomba nimsomee msimbo uliosahihishwa kwa sauti, polepole, apate kuunakili.