Udongo wa kaburi la bibi

Miezi mitano baada ya kumzika bibi yangu kule Kisarawe, tulikuta kaburi lake limechimbwa upande wa kichwani. Shimo lenyewe lilikuwa dogo, linaingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Shangazi aliliangalia, akasema, "Wameshachukua," akaanza kulifukia kwa mguu. Mimi nilipandwa na hasira, nikataka twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa karani wa mahakama, nimezoea kila jambo liandikwe. Shangazi akaniuliza, "Utamwandikia nini?" Sikuwa na jibu.

Hiyo ilikuwa 1998. Shimo lile nimekuja kulielewa vizuri mwaka huu, barazani kwangu Vingunguti, kwa kinywa cha mama aliyetoka Marekani.

Mpwa wangu anatembeza wageni Kariakoo na Bagamoyo. Siku hiyo alinipigia simu, "Mjomba, nakuletea mgeni, anataka kukaa na watu wazima azungumze." Alikuwa mama mweusi, mwalimu mstaafu, kazaliwa kisiwa cha St. Helena, kaunti ya Beaufort, jimbo la South Carolina. Watu wake wanaitwa Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima mpunga, nili na pamba. Kabla hajakaa aliona kifuko chekundu juu ya mlango wangu. Mke wangu ndiye aliyekitundika, ni zindiko la zamani. Yule mama akakinyooshea kidole, akasema kwao bibi yake alipaka milango na madirisha rangi ya buluu ili mizimu isivuke kizingiti.

Tukaanza kuzungumza, mpwa akitafsiri pale Kiingereza changu kilipokwama. Ndipo aliponisimulia habari za Dokta Buzzard, mganga wa kisiwani kwao.

Jina lake halisi lilikuwa Stepheney Robinson. Buzzard ni ndege wa jamii ya wala mizoga, na jina hilo lilimkaa mpaka alipofariki 1947. Alivaa suti nyeusi na miwani ya vioo vya rangi, watu wasiyaone macho yake. Kule hawasemi kurogwa, wanasema mtu amewekewa mzizi, na mganga ni daktari wa mizizi. Barua zilimfikia kutoka majimbo ya mbali, zimetiwa pesa ndani. Inasimuliwa kwamba aliyemtumia hundi ya posta, hundi hiyo aliichoma moto, maana ingeweza kuwa ushahidi wa kumfunga kwa sheria za posta. Alipokea noti tu. Mimi niliyeshika majalada miaka thelathini, habari hiyo ilinikaa. Mtu huyo aliijua sheria inapoanzia kushika.

Na mahakamani alifika. Mtu mwenye kesi alimlipa, naye akaja kukaa miongoni mwa wasikilizaji, akitafuna mzizi wa jamii ya tangawizi huku amewakazia macho hakimu na mashahidi. Mama aliponisimulia hilo niliweka kikombe chini. Nilikuwa na langu.

Kwenye mahakama moja niliyofanya kazi (siitaji), asubuhi moja nilikuta chini ya kizimba vipande saba vya mti vimefungwa kwa uzi mweusi. Shahidi alikuwa mama muuza samaki, aliona mumewe akipigwa. Alipoviona aligoma kupanda kizimbani. Alitetemeka, jasho likamtoka, sauti ikamkauka. Hakimu aliahirisha shauri, na kwenye jalada nikaandika: shahidi anaumwa. Sikuandika uongo, maana alikuwa anaumwa kweli. Ila yeyote atakayelifungua jalada lile leo hatajua aliugua nini.

Mtu aliyemwandama Dokta Buzzard alikuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, Mzungu aliyeitwa J. E. McTeer. Aliupata usherifu 1926 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaushika miaka 37. Alitaka kumtia hatiani kwa kutibu bila leseni, na mashahidi wakawa wanasambaratika mbele ya ile miwani. McTeer mwenyewe ameandika kwamba mtoto wa kiume wa Buzzard alikufa maji, gari lilipotumbukia usiku wa mvua, na baada ya msiba huo mzee alikuja nyumbani kwake kutafuta amani. Sherifu akamwambia aachane na dawa za kunywa, abaki na mizizi yake.

Nilimwomba mpwa airudie sehemu hiyo mara mbili. Kwetu Tanganyika, miaka miwili tu baada ya McTeer kuanza kazi, Waingereza walitunga Sheria ya Uchawi ya 1928, na ipo mpaka leo. Nimepiga chapa hati za mashtaka yake kwa vidole vyangu. Sheria hiyo haimsaidii mtu aliyeketi mbele yako akikauka kwa sababu ameambiwa amerogwa. McTeer aliliona hilo, akajifunza kuuondoa mzizi. Watu walimwendea wakiwa taabani, naye akawaagua, akawaambia mzizi umetoka, na wengine wakarudi kula. Hilo namheshimu nalo.

Bibi yangu alikuwa hivyo. Mama akimletea mtoto mwenye degedege, alimwambia, "Peleka hospitali kwanza, akirudi nitamwogesha." Akirudi aliogeshwa kwa majani ya kivumbasi, chetezo kikafuka ubani, mama akapewa uji anywe mbele yake. Nilikuwa mdogo, nadhani sasa uji ule ulikuwa nusu ya tiba. Wale akina mama walikuwa hawajalala siku tatu.

Lakini Buzzard na wenzake hawakuishia kwenye mizizi. Wakati wa Vita ya Pili vijana walipewa dawa za kuvuruga mapigo ya moyo ili daktari wa jeshi awakatae. Inasimuliwa kuwa wengine walikufa. Na bibi naye, yupo mzee wa Chanika ambaye bibi alimweka kilingeni wiki tatu na kidonda cha mguu, mpaka mguu ukakatwa. Mzee yule alikuja kwenye mazishi ya bibi kwa magongo yake, akarusha udongo kaburini kwa mkono wake. Nampenda bibi yangu, na mguu ule siusahau.

Jua lilikuwa limeshuka mama aliponiambia dawa inayoogopwa kuliko zote kwao inachanganywa na udongo wa makaburini. Alilitamka jina lake: gufa. Akaniuliza, "Kwenu mtu akifariki mnasemaje?" Mpwa akacheka kidogo, akajibu, "Kufa." Mama akalirudia taratibu, kufa, kufa, machozi yakamlengalenga. Anasema kwao wanafundishwa kuwa limetoka Kikongo, kufwa. Na Wakongo mganga humwita nganga. Waliovushwa bahari mikono mitupu walibaki na maneno hayo mdomoni.

Nikamuuliza Buzzard amezikwa wapi. Akanijibu kwamba inasemekana kaburi lake halina alama, kwa sababu udongo wa kaburi la mganga mkubwa ungechotwa mpaka lisibaki kitu. Nikamsimulia shimo la Kisarawe. Hakushangaa hata kidogo.

Mdogo wangu alikuwa ameshanunua saruji. Alitaka kulijengea kaburi la bibi, aweke marumaru na jina, na mimi nilikuwa nimeshachangia. Mwezi wa sita tulikwenda, tukamkuta shangazi, sasa ana zaidi ya miaka themanini na ndiye pekee anayelijua tuta lenyewe. Nilimweleza habari za kisiwa kile. Alisikiliza, akainuka na fimbo yake, akanipeleka mpaka kwenye mkorosho, akaniambia nihesabu hatua.

Nilihesabu, nikatoa kalamu na karatasi. Akaninyang'anya karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga yake.

"Rudi mkorosho," akasema. "Hesabu tena."

Saruji tumempa jirani anayejenga choo.