Ulikiona Kisu?

Lamu, usiku, baada ya Isha

Herufi mbili zimenikaa kichwani leo kutwa: ki. "Uliona kisu?" ni swali. "Ulikiona kisu?" nalo ni swali, ila limekuja na kisu chake mkononi. Shahidi anayeulizwa hili la pili hapati nafasi ya kuwaza kama kisu kilikuwapo. Kimeshakuwapo, na kilichobaki ni yeye tu: alikiona au hakukiona. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili tofauti hiyo inatupita bila kuisikia, ndiyo maana inanitia wasiwasi.

Mwaka 1975 watafiti Elizabeth Loftus na Guido Zanni waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya gari, kisha wakawauliza juu ya taa ya mbele iliyovunjika. Kiingereza hakina kiambishi cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa, kama hiyo ki yetu. Kina vijineno viwili vya kutangulia nomino, kimoja cha kitu chochote kile, kingine cha kitu ambacho wasemaji wote wawili wanakijua. Walioulizwa kwa hicho cha pili walijibu kwamba waliiona taa hiyo mara nyingi zaidi, hata pale ambapo katika filamu haikuwamo. Kwa maoni yangu ki yetu inafanya kazi ile ile, tena kwa siri zaidi, maana imejificha katikati ya kitenzi.

Mwaka mmoja kabla, Loftus na John Palmer walikuwa wamekwisha kujaribu kitenzi chenyewe. Waliouliziwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. "Yalipogongana", 34. "Yalipogusana", chini ya 32. Katika jaribio la pili wanafunzi walirudishwa baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Katika 50 waliosikia "yalipobamizana", 16 walisema waliviona. Waliosikia "yalipogongana", 7 kati ya 50. Wasioulizwa chochote juu ya kasi, 6. Hapa kwetu magari ni ya kuhesabu, lakini muulize nahodha boti "zilivaana" vipi, kisha muulize mwenzake "ziligusana" vipi, uone kama utapata bahari moja. Na wale 16 hawakusema uongo. Mwongo anajua anachokificha. Hawa walikuwa wakiviona vioo.

Lakini swali la afisa wa polisi huja kesho yake, au keshokutwa. Kabla yake kuna daka, kile kibaraza cha mlangoni watu wanapoketi kuzungumza.

Fiona Gabbert na wenzake, mwaka 2003, waliwaketisha watu wawili wawili, kila mmoja akiamini kwamba ameona video ile ile aliyoiona mwenzake. Kumbe tukio lilipigwa kutoka pembe mbili, na kila mmoja alikuwa na mambo ambayo mwenzake hakuweza kuyaona. Wakazungumza, kisha kila mtu akahojiwa peke yake. Asilimia 71 ya waliozungumza walieleza angalau jambo moja ambalo wao wenyewe hawakuliona. Hayo ni mazungumzo ya wageni wawili katika chumba cha utafiti. Sasa fikiria wizi wa saa mbili usiku huko mtaani Langoni: saa tatu watu sita wako dakani wanausimulia, na mmoja wao ni mzee asiyepingwa. Akisema mwizi alikuwa na kofia nyeupe, kijana ambaye hakuona kofia atanyamaza kwa adabu. Kufika asubuhi adabu imekwisha kugeuka kumbukumbu.

Dawa yake ni karatasi. Kila aliyeona aandike peke yake, saa ile ile, kabla ya kuketi na wenzake. Nusu ukurasa unatosha. Aandike alisimama wapi, alitazama upande gani, nani alikuwa karibu, maneno aliyoyasikia kama yalivyosemwa, na pale asipojua aandike "sijui". Asiyejua kuandika ajirekodi kwa simu. Na anayechukua taarifa baadaye asisahau swali hili: umezungumza na nani juu ya jambo hili kabla ya kuja hapa? Swali hilo halichukui hata dakika, na kwangu mimi lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sura na mavazi.

Namna ya kuhoji iliyotengenezwa na Edward Geiselman na Ronald Fisher miaka ya 1980 ni nyepesi kuieleza, ngumu kuivumilia. Mrudishe shahidi mahali pale kwa mawazo: joto, harufu, sauti. Mwambie aseme yote, hata analoliona halina maana. Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanaposhindwa. Fisher na wenzake waliposikiliza kanda za wapelelezi wa Florida walikuta shahidi anakatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 7 na nusu. Akimaliza, asimulie tena akianzia mwisho kurudi mwanzo. Ile hatua ya kumtaka aeleze mtu mwingine angeonaje ningeiacha, inaalika kubahatisha.

Muda usimuulize kwa dakika. Tukio fupi la kutisha hurefuka katika kumbukumbu, na "dakika mbili" huenda zilikuwa sekunde 20. Muulize alipiga hatua ngapi, adhana ilikuwa imetolewa au bado, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Maji yana jedwali lake, unaweza kwenda kuhakikisha.

Mwangaza nao una maswali yake. Katika kesi ya Maitanyi ya mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema ni lazima ijulikane taa ilikuwa ya namna gani, ukubwa wake, na ilikaa wapi kwa mtuhumiwa. Hilo la tatu ndilo la vichochoro vyetu. Kuta ni ndefu, njia nyembamba, na balbu moja iko juu ya mlango. Ikiwa nyuma ya mtu, unapata umbo lake na ukingo wa kanzu. Uso ni kiza. Rudi usiku, saa ile ile, taa zile zile, msimamishe mtu pale, pima kwa futi. Kama kulikuwa na silaha, tegemea maelezo mazuri ya mkono na maelezo dhaifu ya uso, kwa kuwa macho hukimbilia silaha.

Kisha gwaride la utambuzi. Kanuni za polisi wa Kenya zinataka mtuhumiwa awekwe kati ya watu wasiopungua 8, wanaofanana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe pa kusimama, na aweze kuhama kila shahidi anapotoka. Mpelelezi wa kesi anaruhusiwa kuwapo lakini haliendeshi. Shahidi humgusa anayemtambua. Kinachoharibu mara nyingi ni maneno ya mlangoni. Roy Malpass na Patricia Devine, mwaka 1981, waliweka safu isiyo na mkosaji: walioelekezwa kana kwamba yumo, asilimia 78 walimchagua mtu, walioambiwa huenda hayumo, 33. Na baada ya kuchagua, "vizuri, ndiye" ya afisa inatosha kumfanya shahidi aape kwamba alikuwa na hakika tangu mwanzo, kama Gary Wells na Amy Bradfield walivyoonyesha mwaka 1998. Kwa hiyo muulize ana hakika kiasi gani papo hapo, kwa maneno yake, kabla hajajibiwa lolote.

Mjini kwetu gwaride mara nyingi halina kazi kwa sababu shahidi anadai anamjua mtu. Mahakama zetu huona kumtambua umjuaye kuwa na uzito kuliko kumtambua mgeni, nakubali, ila usiku watu huwakosea hata ndugu zao. Kipimo changu ni kimoja: jina lilitajwa katika ripoti ya kwanza kabisa, au lilikuja baada ya daka?

Nimerudi kwenye sarufi. Shahidi anasema, "Aliyekimbia alipita hapa." Kiswahili hakikumtaka aseme ni mwanamume au mwanamke, naye hakusema. Taarifa ikiandikwa kwa Kiingereza, mwandishi huenda akaandika "he" au "she", tena bila kuuliza. Miezi baadaye mahakamani itasomwa kwamba shahidi alimwona mwanamume akikimbia. Iandikwe kwanza kama ilivyotamkwa, swali na jibu, asomewe, aweke sahihi yake hapo. Tafsiri ikae kwenye karatasi yake pembeni.