Kufunga mwaka wa ramani, Lamu

Desemba ndio wakati wa kukagua data za mwaka mzima kabla ya kuzihifadhi, na hapa Lamu kinachosumbua zaidi ni datamu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani hutumia kutaja mahali duniani. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutoa ile ya WGS 84. Ukizichanganya hivihivi, nyumba husogea takriban mita 300, msikiti wa mtaa huu ukaangukia mtaa mwingine! Kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, ramani kongwe ipe EPSG:21037 (namba ya mfumo wa Arc 1960 kwa ukanda huu), kisha uihamishie EPSG:32737, ya WGS 84.

Kwa mikoko, tafuta picha za setilaiti za Sentinel-2 zilizopigwa maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, miche michanga hufunikwa na kuhesabiwa bahari.

Vichochoroni usiitegemee GPS: kuta ndefu huakisi mawimbi. Pima kwa tepu kutoka kona inayojulikana.