Mradi wa mbu darasani: kuhesabu nimewaachia wanafunzi

Mradi umesogea. Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: natafiti usugu wa mbu kwa viuatilifu, bado nasomea shahada ya uzamivu, na muda ninaoiba maabara nautumia kupeleka kazi hiyo kwa wanafunzi wa shule.

Slaidi nimezifyeka, zimebaki za picha tu. Nafasi yake imechukuliwa na kipimo chenyewe. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, mbu majike 20 hadi 25 huwekwa kwenye mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa kwa saa 1, kisha huhamishiwa mrija usio na dawa na kupewa maji ya sukari. Baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wakifika asilimia 98, dawa bado ina makali. Wakiwa chini ya 90, mbu hao ni sugu. Hapo katikati, unapima tena.

Mbu hai na dawa haviingii darasani. Nimerekodi video za mirija, wanafunzi wakahesabu kwa vikundi. Wakakwama kwa mbu mmoja aliyelala chali, bawa limenata kwenye plastiki, miguu inachezacheza. Kundi moja likasema mzima huyo. Jingine likasema ni marehemu anayesubiri kuzikwa tu. Niliwaacha wabishane mpaka sauti zikapanda, ndipo nikatoa kanuni: anayeweza kuruka ni mzima, hata awe amepoteza miguu, aliyeanguka akashindwa kuinuka anahesabiwa mfu, hata akifurukuta.

Utamu ulikuja kwenye hesabu. Mrija ule ulikuwa na mbu 25. Ukimhesabu mfu, wamekufa 23, yaani asilimia 92. Ukimhesabu mzima, ni 22, asilimia 88, na jibu limegeuka. Wakaelewa bila kuhubiriwa kwa nini tunatumia mirija minne au zaidi, mbu wasiopungua 100.

Viluwiluwi kwenye chupa iliyofunikwa chandarua walipendwa kama kawaida, sina jipya la kusema.

Kabla sijafunga, kijana wa nyuma akauliza: mnajuaje wamekufa kwa dawa na si kwa kufungiwa? Kwenye semina za idara sijawahi kubanwa hivyo. Maabara huwa tunaweka pembeni mirija yenye karatasi isiyo na dawa, ila kwenye video niliikata ili kubana muda. Nairudisha, tena itatangulia mingine yote.