Siku moja maishani mwangu: maji, oksidi na tanuri la nyuzijoto 1,500

Saa 12:15 asubuhi
Ujerumani bado ni giza. Kabla ya chai nachungulia kwenye simu tanuri la maabara, lile ninalotumia kutoa hidrojeni kwenye maji. Jana usiku nililiacha likipanda nyuzi 5 kwa dakika, kwa sababu bomba lake ni la kauri na ukilipasha kwa pupa linapasuka. Limeshafika 1,500. Alhamdulillahi, navaa koti.

Saa 1:30
Ndani ya bomba kuna gramu 10 za oksidi ya seri, yaani metali ya seri iliyoungana na oksijeni, yenye vitundu kama sifongo. Kwa joto hili, huku arigoni, gesi isiyoungana na kitu, ikipita, oksidi inaachia sehemu ndogo ya oksijeni yake bila kuyeyuka. Baadaye nitashusha joto hadi 900 na kuingiza mvuke. Oksidi itakuwa na njaa ya oksijeni, itainyang'anya maji, na hidrojeni itabaki peke yake. Kisha tunarudi mwanzo na oksidi ileile. Kinachotumika ni maji na joto.

Nyumbani huwa naulizwa: si mchemshe maji tu hadi yagawanyike? Yangetaka zaidi ya nyuzijoto 2,000, na gesi zote mbili zingetoka pamoja, mchanganyiko unaolipuka. Hapa kila gesi inatoka kwa zamu yake. Mwaka 1977 Nakamura wa Japani alipendekeza njia hii kwa oksidi ya chuma, lakini oksidi hiyo katika joto linalotakiwa huyeyuka na kugandamana. Ukitumia oksidi ya zinki, zinki hugeuka mvuke, na usipoipoza upesi huirudia oksijeni yake. Seri inavumilia. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani na Uswisi waliipitisha kwenye mzunguko huu mara 500, na ripoti yao ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii.

Saa 3:40
Mvuke umeingia. Mzunguko wa 41. Natarajia mililita 40 hivi za hidrojeni, hazijazi hata kikombe cha kahawa ya kijiweni. Napata 26.

Moyo unashtuka. Je, oksidi imechoka? Vitundu vimeziba? Miezi minne ya kazi inapita kichwani. Kisha naangalia tena mchoro wa kipima gesi: kando ya hidrojeni kuna kilele kidogo cha nitrojeni. Sisi hatutumii nitrojeni. Nitrojeni ikionekana, hewa inaingia mahali, na ikiingia hewa, oksijeni yake inaishibisha oksidi kabla mvuke haujafika.

Saa 4:30
Naongeza kidogo shinikizo la arigoni, nachukua maji ya sabuni na brashi, napaka kila kiungo kilicho nje ya sehemu ya moto. Ndivyo mama anavyokagua regyuleta ya mtungi wa gesi jikoni Mbeya. Kiungo cha tatu kinatoa povu. Nabadilisha mpira wake, nakaza, nasubiri. Nitrojeni inatoweka. Tanuri linaanza kupanda tena hadi 1,500, kwa muda wa saa mbili.

Saa 7:00 mchana
Wali wa jana, nikisimama.

Huu muda wa kusubiri ndio unaonikera kisayansi. Kila mzunguko tunapasha oksidi hadi 1,500, kisha tunaitupa tofauti ya nyuzi 600 hewani. Ninavyoona mimi, ushindi wa kazi hii utapatikana katika kulirudisha joto lile, kuliko katika kutafuta oksidi mpya. Pale Móstoles, karibu na Madrid, vioo 169 vilielekeza jua kwenye mnara na kutengeneza gesi ya kuundia mafuta kwa maji na hewa ukaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa asilimia 4.1 ya nishati ya jua iliingia kwenye gesi hiyo, bila kurejesha joto. Ni kidogo, lakini ni jua halisi. Hidrojeni nyingi duniani leo bado inatoka kwenye gesi asilia, na hewa ukaa inaachwa nyuma.

Saa 9:50 alasiri
Mvuke tena. Nimesimama mbele ya skrini, mikono mfukoni. Mstari unapanda, unakaa juu, unateremka taratibu. Mililita 39. Oksidi ni nzima! Namwita msimamizi wangu, anatazama kimya, kisha ananishika bega.

Saa 12:30 jioni
Napiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado mnapika maji?"

"Bado, mama. Leo yamepikika."

Namweleza kwamba seri imo kwenye mawe ya Ngualla, kule Songwe, jirani na kwetu. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza kama jua la kwetu linatosha kuwasha tanuri la namna hiyo. Namwambia jua peke yake halifiki, mpaka ulikusanye kwa vioo vingi mahali pamoja. "Basi njoo na hivyo vioo," anasema.

Saa 2:00 usiku
Naandika daftarini: kiungo cha tatu, mpira mpya, mzunguko wa 42, mililita 39. Naweka programu ya kesho, nafunga mtungi wa arigoni wa akiba, nazima taa. Tanuri linabaki linanguruma kwa sauti ya chini.