Begi la Wagagai: kupunguza kilo, kupunguza maji

Nia ya mradi ni kupanda Mlima Elgon kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri, nifike kilele cha Wagagai kwenye mita 4,321, kisha niteremkie upande wa Sipi, na begi langu nilibebe mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Wapagazi wa Budadiri wapo na kazi yao ni ya heshima. Mimi nataka tu kujua mgongo wangu unaweza kusafiri na nini bila kuteseka. Msimu ninaolenga ni ule mkavu unaoanza Desemba, ingawa kule juu mvua haina kalenda.

Septemba

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Mzani wa kuning'iniza kwa vitu vikubwa, mzani wa jikoni kwa vidogo, kila kitu kikaandikwa daftarini. Ninahesabu uzito wa msingi, yaani mzigo wote ukitoa chakula, maji na spiriti ya jiko, kwa kuwa hivyo vitatu hupungua njiani na vingine havipungui. Jumla ilikuja kilo 11.4. Begi lenyewe tupu kilo 2.6, hema 3.1, mfuko wa kulalia 1.7. Vitu vitatu tu, kilo 7.4! Wako wanaokata mpini wa mswaki ili kupunguza mzigo, lakini mpini wote haufiki hata gramu 20. Anayetaka kupumua aanze na hivyo vitatu.

Daftari lilinionyesha jambo jingine ambalo sasa ndilo linaloongoza kila uamuzi. Nilichukua suruali yangu ya jinzi yenye gramu 720, nikailoweka kwenye beseni, nikaikamua kwa nguvu zangu zote, nikaipima tena: gramu 1,450. Suruali ya poliesta ya mitumba, gramu 280, baada ya beseni hilohilo ilirudi na 390, na jioni ilikuwa imekauka wakati jinzi bado inachuruzika kwenye kamba. Kwenye mlima wenye mvua kama huu, sehemu kubwa ya mzigo ni maji: maji ndani ya nguo, ndani ya hema, ndani ya chakula, na yale ya chupa. Ukipima vitu vikiwa vikavu nyumbani unapata nusu ya ukweli. Tangu siku ile kila kitu kinapimwa mara mbili, kikavu na kibichi.

Oktoba

Begi jipya limeshonwa hapa Mbale, kwa nailoni ya hema kuukuu na mikanda ya begi la zamani. Mama aliyelishona aligeuzageuza mchoro wangu akauliza, "Mwanangu, hili litasimamaje bila vyuma?" Nikamwambia, "Godoro la sponji ndilo vyuma vyake, mama. Nalikunja mviringo, nalitanguliza ndani, vitu vinakaa katikati." Alicheka, lakini mshono wa mabega aliupitisha mara tatu bila kuombwa, na hapo ndipo begi hufia. Limetoka na gramu 900. Kifuniko cha mvua sina. Badala yake ndani nimeweka kaveera (mfuko wa plastiki) moja nene, ile ya kutandika ndani ya magunia, na mdomo wake naukunja. Kifuniko cha nje hupeperushwa na upepo, na maji hupenya kupitia mgongoni. Kaveera ya ndani haijali begi limelowa kiasi gani.

Hema limeondoka, limekuja turubai jepesi. Pamoja na kamba na vigingi ni gramu 900, na karatasi ya plastiki ya kulalia chini gramu 200. Nguzo ni fimbo zangu mbili za kutembelea, kwa sababu ukishapita msitu na mianzi, huko kwenye nyika ya juu huwezi kutegemea mti wa kufungia kamba.

Nililala nalo Wanale, kilima cha hapa Mbale, usiku wa mvua nzito. Asubuhi nililikung'uta, likapima gramu 1,050. Hema la zamani, likilowa vilevile, lilikuwa linafika kilo 3.9, na maji hayo ungeyapandisha mlima kesho yake.

Mfuko wa kulalia nimeubakiza na kilo zake 1.7, na hili nimelifikiria kuliko yote. Mifuko ya manyoya ya bata ni myepesi sana, lakini manyoya yakilowa hushikana na joto linapotea. Nyuzi za viwandani hata zikiwa na unyevu bado zinakupa joto kiasi. Halijoto hushuka kama digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Kambi ya Mude iko karibu mita 3,500, Mbale iko kwenye 1,100 na kidogo. Hesabu mwenyewe. Hapo sitoi gramu.

Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea njia ya Appalachian yote kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, na mfuko aliojishonea begani na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Namheshimu mno. Lakini yeye mara nyingi aligonga milango ya watu akapata pa kulala, na juu ya Mude hakuna mlango wa kugonga. Wepesi lazima ulingane na mahali. Hata orodha yangu hii isingefaa Rwenzori, ambako kinamasi cha Bigo kinadai gambuti, uzito upende usipende.

Novemba

Chakula ndicho kilichonipa raha zaidi. Viazi mviringo ni maji karibu asilimia 80, ndizi mbivu asilimia 75, kwa hiyo vyote vimebaki sokoni. Maharage mabichi pia hayapandi: kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye digrii kama 88, utamaliza spiriti na maharage bado magumu. Nayapika nyumbani mpaka yalainike, nayaanika juani kwenye wavu mpaka yakauke kabisa, na kambini yanarudi laini kwa maji ya moto. Uzito nautumia kwenye odii, yaani karanga na ufuta zilizosagwa, kwa kuwa ina mafuta mengi, na mafuta hutoa kalori 9 kwa gramu wakati wanga na sukari hutoa 4. Na malewa! Wagisu, wenyeji wa mlima huu, wamekuwa wakikausha machipukizi ya mianzi kwa moshi tangu zamani, mepesi mno, na ukiyapika na odii huhitaji mboga nyingine. Kwa siku nahesabu gramu 700 za chakula, karibu kalori 3,000.

Maji ya kunywa nabeba lita moja tu, maana lita ni kilo. Vijito vipo. Nakunywa vya kutosha penye kijito, najaza, natia kidonge cha klorini, nasubiri nusu saa, naondoka.

Leo uzito wa msingi umesoma kilo 6.7. Kinachofuata ni koti la mvua, gramu 610 likiwa kavu na 840 likilowa. Nimeona poncho (joho la mvua lisilo na mikono) sokoni ambayo ingeweza pia kuziba upande wa turubai unaoelekea upepo. Kesho naingia nayo kwenye beseni.